Badilisha Maji ya Samaki kwa Matone, Si kwa Ndoo

Mwenye tangi la samaki wa baharini hukoroga chumvi takriban gramu 35 kwa kila lita, na akitaka maji yajibadilishe yenyewe huhitaji pampu mbili, ya kutoa na ya kuingiza. Zikipishana kidogo tu, kina na chumvi huyumba. Sisi wa Katubuka, Kigoma, tunaofuga samaki wa miambani, akina Tropheus na Neolamprologus, hatuna mzigo huo, kwa kuwa maji ya bomba hapa hutoka Ziwa Tanganyika, kwao asili. Ndiyo maana nashikilia kwamba hapa mtambo bora hauna pampu wala saa: ni pipa lililo juu, koki ndogo, na tundu la kumwagia ziada.

Sababu kubwa ya kupendelea matone ni amonia. Maji ya ziwa hilo yana pH inayokaribia 9, na katika nyuzi 26 zaidi ya theluthi ya amonia huwa katika hali ya sumu. Kwenye pH 7 haifiki asilimia moja. Tangi lililosahaulika hushuka pH polepole, uchafu ukajilimbikiza bila madhara kuonekana. Ukimimina nusu tangi ya maji mapya kwa mkupuo, pH hupanda na ule uchafu uliotulia hugeuka sumu. Samaki hufa siku ya usafi, na lawama huangukia maji ya bomba.

Kwa tangi la lita 200, lenga lita 20 kwa siku, yaani mililita 14 hivi kwa dakika. Weka pipa mita moja juu ya tangi ili mtiririko usidhoofike sana maji yakipungua, kisha kinga kwa dakika 10: ukipata mililita 140, koki iko sawa. Toboa tundu la kutokea kabla ya kujaza tangi, na uhakikishe kioo si kile kilichokomazwa kwa joto, maana hicho hupasuka chote. Bomba la kutokea liwe pana kuliko la kuingizia, lizibwe kwa wavu ili vifaranga wasipite. Pipani tia maji ya siku moja tu. Hata koki ikiharibika, mafuriko yana kikomo. Na kwa kuwa pipa limesimama wazi, klorini hupata muda wa kutoka, au utie dawa ya kuiondoa.

Atakayesema matone yanapoteza maji hakosei. Nitrati ikiongezeka miligramu 2 kwa lita kila siku, lita 20 za kila siku huituliza kwenye 20, ilhali kubadilisha lita 100 kwa wiki huifanya ipande na kushuka kati ya 14 na 28. Wastani unakaribiana, nawe umetumia lita 140 badala ya 100. Hizo 40 za ziada zinanunua utulivu, na yote yanayotoka yanafaa migombani. Umeme ukikatika, matone hayasimami. Kinyesi cha chini bado utakivuta kwa mpira.

Kama tangi lako limekaa muda mrefu bila kuguswa, anza na lita 5 kwa siku, pima amonia na pH, ndipo upandishe.