Tsavoriti na Zumaridi: Namna ya Kutenganisha Vito Viwili vya Kijani

Mawe yaliyochimbwa katika bonde la Mathare tangu enzi za ukoloni kwa ajili ya ujenzi ni ya volkano, na miamba ya aina hiyo haizai tsavoriti wala zumaridi. Kwa hiyo kito chochote cha kijani kinachouzwa mitaani humo, au ng'ambo ya barabara ya Juja kwa masonara wa Eastleigh, kimetoka mbali na kimepita mikono mingi. Tsavoriti ni garneti ya kijani ambayo mwanajiolojia Campbell Bridges aliigundua kaskazini mwa Tanzania mwaka 1967, akaipata tena upande wa Taita miaka michache baadaye, na kampuni ya Tiffany ikaitambulisha sokoni mwaka 1974 kwa jina linalotokana na Tsavo. Zumaridi ni berili, madini ya jamii nyingine kabisa, inayochimbwa Zambia na hata karibu na Ziwa Manyara. Kwa kuwa vito vyote viwili hupata ukijani wake kutokana na vanadi na kromi, rangi ni shahidi duni, ingawa ndiyo ambayo wanunuzi wengi huitegemea.

Shahidi wa kwanza anayefaa ni densiti, yaani uzito wa kito ukilinganishwa na uzito wa maji yenye ujazo sawa nacho. Kito hupimwa kwanza kikiwa kikavu juu ya mizani ya sonara. Kisha kikombe cha maji huwekwa juu ya mizani hiyo, mizani ikarudishwa sifuri, na kito kikaning'inizwa kwa uzi mwembamba mpaka kizame chote bila kugusa kikombe. Namba inayojitokeza ni uzito wa maji yaliyosukumwa, na uzito wa kwanza hugawanywa kwa namba hiyo. Kito cha gramu 1.81 kinachosukuma gramu 0.50 kina densiti ya 3.62, ambayo ni ya tsavoriti, ilhali zumaridi huwa karibu na 2.72. Kito kidogo cha karati 1, yaani gramu 0.2, huhitaji mizani inayosoma elfu ya gramu, la sivyo hesabu itayumba.

Shahidi wa pili ni mwanga. Zumaridi huugawa mwale mmoja kuwa miwili, tsavoriti haiugawi, na tofauti hiyo huonekana kwa utando wa polaroidi, ambao hupitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu na ambao fundi wa simu anaweza kuubandua kwenye kioo cha simu iliyokufa. Tando mbili hupishanishwa mbele ya taa hadi giza litande, kito kikawekwa katikati na kuzungushwa: zumaridi hung'aa na kufifia mara nne katika mzunguko mmoja, tsavoriti hubaki giza. Kito kigeuzwe pande kadhaa, kwa sababu zumaridi nayo hubaki giza ikitazamwa kupitia mhimili wake mmoja.

Vipimo hivi havina budi kwenda pamoja, kwani kioo cha chupa hubaki giza kama tsavoriti lakini densiti yake, takriban 2.5, inakaribia ile ya zumaridi. Kioo chenye risasi kinaweza kufikia hata uzito wa tsavoriti, na hapo lenzi ya kukuza mara 10 ndiyo inayofichua viputo vya hewa. Kukwaruza kito ili kupima ugumu ni ushauri mbaya, kwa kuwa tsavoriti (7 hadi 7.5 kwa kipimo cha Mohs) na zumaridi (7.5 hadi 8) zimekaribiana mno, na zumaridi yenye nyufa inaweza kuvunjika. Nyufa hizo mara nyingi hujazwa mafuta ili zisionekane, ilhali tsavoriti kwa kawaida huuzwa bila kutiwa kitu chochote. Tsavoriti pia hupinda mwanga zaidi, kipeo chake kikiwa karibu 1.74 dhidi ya 1.58, ndiyo maana humeta kwa ukali zaidi.

Hakuna kati ya vipimo hivi kinachotenga zumaridi ya ardhini na ile iliyooteshwa kiwandani, kwa kuwa zote mbili ni berili. Mnunuzi anayedaiwa bei ya zumaridi adai cheti cha maabara kabla ya kutoa pesa.