Maneno ya Kiingereza ya Kutabiri

Mwenye kujifunza Kiingereza hukuta maneno manne yanayokaribiana sana: "foretell", "predict", "prophesy" na "forecast". Kwa Kiswahili yote huweza kufasiriwa "kutabiri", na hapo ndipo makosa huanzia.

Mawili ya kwanza maana yake ni kusema kabla. "Foretell" ni la Kiingereza cha asili, na "predict" limetoka katika Kilatini. "Prophesy" ni kazi ya nabii. Kitendo huandikwa kwa "s" na mwisho wake hutamkwa "sai". Jina, "prophecy", huandikwa kwa "c" na kutamkwa "si". Hata Waingereza wenyewe huyachanganya.

"Forecast" ndilo lenye kisa. Mwezi wa Oktoba 1859 meli Royal Charter ilivunjwa na tufani katika pwani ya Wales, wakafa watu zaidi ya 400. Robert FitzRoy, mkuu wa idara ya hali ya hewa ya Uingereza, ambaye zamani alikuwa nahodha wa meli Beagle, akaanza kuzionya bandari kwa telegrafu, na Agosti 1861 makadirio yake yakachapwa katika gazeti la The Times. Hakukubali yaitwe unabii. Alichagua "forecast", yaani kauli itokanayo na vipimo na hesabu. Kwa hiyo mvua isiponyesha, aliyekadiria hakusema uongo, bali hesabu yake ilipungua. Nabii hana udhuru huo.

Husemwa "Rain is forecast for Friday". Neno halibadiliki: jana pia ni "forecast".