"Umeokoka Lini?" Swali Ndani ya Ndoa ya Mkatoliki na Mbaptisti

Somo letu la leo linawahusu Wakatoliki waliooa au kuolewa na Wabaptisti, na vijana wanaofikiria kufanya hivyo. Tutatazama hasa neno moja ambalo limewafanya watu wa nyumba moja wanuniane: neno "kuokoka".

Tuchukue mfano. Bwana ni Mkatoliki aliyebatizwa akiwa mtoto mchanga. Bibi ni Mbaptisti, naye alibatizwa kwa kuzamishwa majini akiwa msichana mkubwa. Wanapendana, shamba linalimwa na mekoni hakukosi moto. Mtoto wao wa kwanza ana miezi minne. Jioni moja bwana anasema, "Jumapili nitamwona katekista tumwandikishe mtoto kwa ubatizo." Bibi ananyamaza, kisha anauliza, "Mume wangu, wewe mwenyewe uliokoka lini?" Bwana anajibu kwamba alibatizwa tangu utotoni. Bibi anasema, "Sikuulizi habari za ubatizo. Nakuuliza, umeokoka?"

Bwana anakasirika, kwa maana anaona ameitwa mpagani ndani ya nyumba yake. Bibi naye analia, kwa sababu anaogopa kwa moyo wa kweli kwamba mume wake atapotea. Hapo hakuna aliye mbaya. Wanatumia neno moja, lakini kila mmoja ana maana yake. Wasipolifungua neno hilo, mtoto atakua akidhani kwamba Yesu ndiye chanzo cha ugomvi wa wazazi wake.

NENO HILI LILITUFIKIAJE?

Huku kwetu Mwanda, na katika milima yote ya Taita hadi Voi, si ajabu kuona Wakatoliki na Waprotestanti katika ukoo mmoja. Wamisionari wa Kianglikana walifika Sagalla mwaka 1883. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu wakaanzisha misheni ya Bura mwaka 1892. Katika miaka ya 1930 ulitokea Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini nchini Rwanda na kuingia Kenya mwaka 1937. Huo ulikuwa hasa miongoni mwa Waanglikana, lakini ndio uliowazoesha watu wengi kusema "nimeokoka", wakitaja siku waliyotubu mbele ya wenzao.

Wabaptisti walikuja baadaye. Kanisa lao la kwanza lilianza mwaka 1609 kati ya Waingereza waliokuwa wamekimbilia Amsterdam, na wamisionari wao kutoka Marekani walifika Kenya mwaka 1956. Walikuta neno hilo tayari lipo midomoni mwa watu, nalo lilipatana vizuri na mafundisho yao.

MBAPTISTI ANAPOSEMA "NIMEOKOKA"

Tumsikilize kwanza mwenzetu. Mbaptisti anafundishwa kwamba mwanadamu hawezi kujiokoa. Yesu amelipa deni lote msalabani. Mtu anapotubu na kumwamini Yesu kuwa Bwana na Mwokozi wake, Mungu anamhesabia haki saa ile ile. Huko ndiko kuokoka. Kwa hiyo anaweza kukumbuka siku yake, na anapenda kuisimulia kama ushuhuda.

Ubatizo kwake unafuata baadaye. Ni tendo la kumtii Kristo na la kutangaza hadharani yale yaliyokwisha kutokea moyoni. Ndiyo maana hambatizi mtoto mchanga, kwani mtoto hawezi bado kuamini kwa nafsi yake. Meza ya Bwana nayo ni ukumbusho wa kifo cha Yesu. Wabaptisti wengi, ingawa si wote, wanafundisha pia kwamba aliyeokoka kweli hawezi kupotea tena. Wanategemea Yohana 10:28, mahali Yesu anaposema habari za kondoo wake.

Maisha yake ya kiroho yanalingana na imani hiyo. Anasoma Biblia kila siku, anasali kwa maneno yake mwenyewe, na anawaambia wengine habari za Yesu. Mkatoliki mwenzangu, usiyadharau mambo haya. Wengi wetu tungefaidika tukifungua Biblia mara nyingi kama wao.

MKATOLIKI AJIBU NINI?

Mkatoliki akiulizwa kama ameokoka, asiinamishe kichwa, wala asijibu kwa hasira. Lugha yetu ya Kiswahili inamsaidia vizuri. Anaweza kujibu kwa nyakati tatu: nimeokolewa, ninaokolewa, nami natumaini nitaokolewa.

Nimeokolewa: Kristo alikufa na kufufuka kwa ajili yangu, nami nilishirikishwa kifo na ufufuko wake katika ubatizo. Soma Warumi 6:3-4 na 8:24.

Ninaokolewa: neema inaendelea kufanya kazi ndani yangu kwa njia ya Neno la Mungu, Ekaristi, Kitubio, sala na matendo ya upendo. Soma 1 Wakorintho 1:18.

Nitaokolewa: safari haijaisha. Soma Warumi 5:9 na Mathayo 24:13, juu ya mwenye kuvumilia hata mwisho.

Hapa lazima tuondoe uongo mmoja. Watu husema Wakatoliki wanajaribu kuununua wokovu kwa matendo. Kanisa halifundishi hivyo. Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, ulitamka wazi kwamba hakuna tendo la mtu linaloweza kumstahilia neema ile ya kwanza ya kuhesabiwa haki. Ni zawadi tupu. Lakini zawadi hiyo inapokelewa na mtu aliye huru, naye anaitikia kwa imani inayotenda kwa upendo. Mtu anaweza pia kuipoteza kwa dhambi ya mauti, na kurudishiwa kwa toba na Kitubio. Kwa hiyo hatusemi, "Nina hakika kabisa, siwezi kuanguka." Tunasema, "Natumaini, kwa sababu Mungu ni mwaminifu."

MFANO WA SAFARI

Anayetoka Mwanda kwenda Voi anapanda matatu, anapita Wundanyi, anateremka hadi Mwatate, ndipo anafika Voi. Tuseme nauli ya abiria wote imekwisha kulipwa na mtu mwingine.

Mbaptisti anasema: "Nauli imelipwa, nimeingia garini, na dereva huyu hapotezi abiria. Nahesabu nimefika."

Mkatoliki anasema: "Ni kweli nauli imelipwa, wala mimi sikutoa hata senti. Ni kweli dereva ni mwaminifu. Lakini mlango haukufungwa kwa kufuli. Naweza kushuka njiani kwa ujinga wangu. Kwa hiyo nitakaa garini, nitakula chakula nilichofungiwa kwa ajili ya njia, na nikishuka kwa upumbavu nitamwita dereva, naye atanisubiri."

Umeona, msomaji? Wote wawili wanasema nauli ililipwa na Yesu. Wote wanamsifu dereva yule yule. Tofauti yao ni ya kweli, tusiifiche, lakini hawapandi magari yanayoelekea pande mbili. Mume na mke wakianza mazungumzo yao hapo kwenye nauli, hawatatukanana.

KABLA YA KUFUNGA NDOA

Vijana, msingoje siku ya harusi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni 1124 na 1125, inasema Mkatoliki anayetaka kufunga ndoa na Mkristo asiye Mkatoliki apate ruhusa ya mkuu wa Kanisa la mahali. Kwetu tunapitia kwa paroko, naye anaandika kwa Jimbo Kuu la Mombasa. Yapo mambo matatu:

1. Mkatoliki anatamka kwamba yu tayari kujiepusha na hatari ya kuiacha imani, na anaahidi kufanya yote awezayo ili watoto wote wabatizwe na kulelewa katika Kanisa Katoliki.

2. Mwenzake haahidi kitu hapo. Lakini lazima aelezwe mapema ahadi ya mwenzake, ili asije akasema baadaye kwamba alitegewa mtego.

3. Wote wawili wanafundishwa makusudi na sifa za ndoa, ambazo hakuna kati yao anayeruhusiwa kuzikataa.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kanisa Katoliki linautambua ubatizo wa Mbaptisti uliofanywa kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Ndoa ya wawili hao waliobatizwa, ikifungwa kihalali, ni sakramenti. Lakini kijana wa familia ya Kibaptisti anaweza kufika miaka ishirini na mitano akienda kanisani kila Jumapili na bado hajabatizwa. Huyo kisheria ni mtu asiyebatizwa. Hapo ruhusa ya kawaida haitoshi. Kuna kizuizi cha kanuni 1086, na kisipoondolewa na mwenye mamlaka ndoa ni batili. Kwa hiyo usiseme tu, "Mchumba wangu ni Mbaptisti." Muulize kwa upole kama amekwisha kubatizwa, wapi na mwaka gani.

Tena, msifunge ndoa mara mbili, asubuhi kwa padre na mchana kwa pasta. Kanuni 1127 inakataza kurudia kutoa ridhaa. Kama familia ya Kibaptisti inataka mchungaji wao ashiriki, mwelezeni padre mapema. Anaweza kualikwa kuomba na kuwatakia heri. Na ikiwa kuna sababu nzito ya kufunga ndoa kanisani kwao, askofu anaweza kutoa ruhusa. Hayo yaombwe kabla, si baada.

MTOTO ABATIZWE AU ANGOJE?

Turudi kwa yule mtoto wa miezi minne. Bwana aliahidi, na ahadi yake ni ya kweli. Kanisa linawataka wazazi Wakatoliki wawabatize watoto katika majuma ya kwanza. Tunambatiza mtoto kwa sababu neema inatangulia. Mtoto hakumchagua mama yake, lakini mama alimpenda kabla. Katika Matendo 16:15 na 16:33 tunasoma habari za watu waliobatizwa pamoja na jamaa zao wote. Mbaptisti anajibu kwamba mistari hiyo haitaji watoto wachanga. Msibishane usiku kucha. Mweleze mwenzako unachoamini, kisha umsikilize.

Kisheria, ridhaa ya mzazi mmoja inatosha, mradi kuna tumaini kwamba mtoto atalelewa katika imani Katoliki. Lakini, baba, sikiliza neno hili: usimchukue mtoto kwa siri mama akiwa sokoni. Hapo utakuwa umepata ubatizo na umepoteza uaminifu wa nyumba. Mkalishe mke wako, mkumbushe yale aliyoelezwa kabla ya harusi, mwombe padre aje kuzungumza naye. Kama anahitaji majuma machache ya kutulia, mpe, lakini usiiache ahadi ikafa kwa kunyamaza.

Na kama bibi anataka mtoto aombewe na kuwekwa wakfu kanisani kwao, usiogope. Huo si ubatizo, wala haumzuii mtoto kubatizwa. Nenda, ukae naye, useme amina kwa baraka.

MASHAURI KWA NYUMBA YA IMANI MBILI

Kwanza, neno "kuokoka" lisitumiwe kama fimbo. Mama, ukimwambia mume wako mbele ya watoto kwamba hajaokoka, hutamvuta kwa Yesu. Petro anafundisha katika barua yake ya kwanza, 3:1-2, kwamba mume anaweza kuvutwa kwa mwenendo wa mke hata bila maneno. Baba, nawe usiiite imani ya mke wako "dini ya juzi".

Pili, Mkatoliki asikubali kuzamishwa tena ili tu kuleta amani. Kwa Mbaptisti huo ungekuwa ubatizo wa kwanza, kwa sababu hautambui ule wa utotoni. Kwetu ubatizo haurudiwi. Hali kadhalika, Mkatoliki asimlazimishe mwenzake kugeuka. Imani ya kulazimishwa haisimami.

Tatu, kwa kawaida mwenzako Mbaptisti hatapokea Komunyo kwetu, nawe hutashiriki Meza ya Bwana kwao. Inauma. Acheni iume, na maumivu hayo myageuze yawe sala ya umoja. Msindikizane kanisani mara kwa mara, lakini Mkatoliki asikose Misa yake ya Jumapili.

Nne, salini pamoja kila jioni. Chagueni vile mnavyoshiriki: Zaburi, somo la Injili, Baba Yetu. Mwenzako akiendelea na maneno ya mwisho juu ya ufalme, nguvu na utukufu, endelea naye. Sisi pia tunayasema katika Misa. Rozari sali mwenyewe au na watoto, bila kumfungia mlango.

Tano, pasipo maelewano msimalize kwa kupiga kura na mashemeji. Mwendeeni padre, na mkipenda mzungumze na mchungaji pia. Kanisa Katoliki na Muungano wa Wabaptisti wa Ulimwengu wamekaa pamoja kwa mazungumzo rasmi, mwaka 1984 hadi 1988, na tena 2006 hadi 2010. Hawakumaliza tofauti zote, lakini walisikilizana. Kama wataalamu hao wameweza kuketi meza moja, ninyi mnaokula sufuria moja mnashindwaje?

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Kila mmoja aeleze, bila kukatizwa, neno "kuokoka" lina maana gani kwake.
2. Ni jambo gani zuri katika maisha ya kiroho ya mwenzako ambalo ungependa kujifunza?
3. Tulikubaliana nini juu ya watoto kabla ya harusi? Tumelitimiza?
4. Ni saa ngapi tutasali pamoja kuanzia leo?

Mpendwa msomaji, siku ile mwenzako atakapokuuliza tena, "Umeokoka?", usitoke nje kwa hasira. Vuta kiti, ukae, umwambie yale ambayo Yesu amekutendea. Huenda ndilo jibu alilokuwa akilitafuta muda wote.

Mungu azibariki nyumba zenu.