HAMIRA NA NIRA YAKE

Mama mmoja wa skimu yetu alifika ofisini kuleta fomu ya mkopo, akaniuliza: "Mwalimu, hamira ni dawa au ni kitu chenye uhai?" (Bado huniita hivyo, ingawa chaki niliiacha zamani.) Nikamjibu: "Mama, ina uhai. Ni jamaa ya uyoga. Kila chembe yake, yaani seli, huishi peke yake, nayo ikishiba hujigawa ikawa mbili. Penye sukari na joto zuri, huchukua kama saa moja na nusu."

"Nayo yajuaje kwamba kazi imekwisha?"

Swali hilo ndilo somo letu.

Fikiri maksai na nira. Ndani ya seli mna protini iitwayo Cdk. Huyo ni maksai mwenye nguvu, lakini bila nira havuti. Nira yake ni protini nyingine, saiklini. Bwana Tim Hunt, Mwingereza, aliigundua mwaka 1982 huko Marekani, katika mayai ya mnyama wa baharini mwenye miiba. Iliongezeka, kisha ikatoweka ghafula kila mayai yalipojigawa.

Kutoweka huko ni kazi kubwa. Maksai asiyefunguliwa jioni hatalima kesho. Seli nayo, isipopunguza nguvu za Cdk, haiwezi kumaliza mgawanyo huu na kujitayarisha kwa mwingine. Ila seli haitundiki nira yake ghalani. Protini iitwayo Cdh1 huionyesha saiklini kwa mtambo mkubwa, APC, nao huipiga chapa. Iliyopigwa chapa hukatwakatwa, na zamu ijayo hutengenezwa nira mpya.

Mwaka 1997 wataalamu huko Ujerumani waliiondoa jeni ya Cdh1, ambayo wao waliiita Hct1, katika hamira ya mkate. Jeni ni agizo la urithi ambalo seli hulifuata kutengenezea protini. Basi saiklini iitwayo Clb2 haikuvunjwa ipasavyo, lakini seli ziliishi! Mtu wa haraka angesema Cdh1 haina kazi. Nimemsikia mkulima akisema hivyo juu ya mtaro wake wa pili, katika mwaka wa mvua chache.

Kumbe yuko msaidizi, Sic1. Huyu havunji saiklini, bali humshika maksai puani asivute, hata nira ikiwa shingoni. Seli iliyokosa Sic1 peke yake huishi pia, ingawa si salama sana, maana hupoteza baadhi ya urithi wake mara nyingi kuliko kawaida. Lakini zilipoondolewa jeni zote mbili, seli hazikuweza kuishi. Ndivyo ilivyojulikana kwamba jeni hizo mbili hulinda mlango mmoja, kila moja kwa njia yake.

Saiklini zimo pia katika mahindi, katika ng'ombe na katika miili yetu, na ugonjwa wa saratani ni seli zinazojigawa bila kutii mipaka. Kwa hiyo Hunt alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2001, pamoja na Leland Hartwell, aliyechunguza hamira ya mkate, na Paul Nurse. Hamira ya Nurse ni ya aina nyingine, nayo huitwa pombe hata katika vitabu vya Wazungu, kwa kuwa mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner aliipata katika pombe ya Afrika Mashariki.

Mama aliposikia hayo alicheka sana. "Pombe ya babu zetu!" akasema, akaomba kalamu atie sahihi fomu yake.