Magoti ya Mama na Magoti ya Mtoto

Mama, ukishinda na beseni ya ndagala kichwani, ama ukishuka mlimani na mzigo wa muhogo, jioni magoti yanauma. Unayachua na mafuta ya mawese ya vuguvugu, yenye pilipili iliyopondwa. Je, ni ujinga? Hapana. Joto na kuchua vinalegeza misuli, na ndani ya pilipili mna kitu kinachopunguza maumivu kweli. Hata viwanda vinatengeneza nacho dawa ya kupakaa. Lakini usipakae penye kidonda, na unawe na sabuni mbele ya kushika mtoto. Pilipili ndani ya macho yake si mchezo!

Unga unaouzwa sokoni ni jambo lingine. Wanasema ni majani matupu. Ukiumeza na maumivu yakaisha siku ile ile, uwe na mashaka. Katika nchi nyingi wachuuzi wengine wamekutwa wanachanganya ndani vidonge vya prednisolone vilivyosagwa. Mtu anafurahi, kisha uso unavimba, sukari inapanda ndani ya damu, mifupa inakosa nguvu. Kama umeutumia siku nyingi, usiuache ghafula: uje nao kwa munganga. Na mwenye mimba asinywe majani ya viungo. Mengine yanakaza kizazi.

Sasa mtoto. Tuseme ana miaka 5 mpaka 15. Aliumwa koo, akapona. Majuma mawili ama matatu yanapita, goti linavimba, homa inapanda. Kesho kutwa goti limepoa, sasa ni kifundo cha mguu, kisha kiwiko. Unamfunga majani. Baada ya majuma machache yote yamekwisha, na unaambia majirani: yale majani ni dawa!

Mama, sikiliza. Maumivu haya yanaisha yenyewe, ukifunga majani ama usipofunga. Majani yamepata sifa ya bure. Huenda ni homa ya rumatizimu, na hiyo inashika moyo. Viungo vinapona, lakini milango ya ndani ya moyo inabaki imeharibika. Miaka inapita, mtoto anahema akipanda kilima. Akiwa msichana, siku ya kubeba mimba moyo unashindwa na kazi.

Koo likitibiwa mapema na penisilini, mara nyingi ugonjwa huu hauji. Ukiisha kuja, mtoto anachomwa sindano ya penisilini kila majuma 3 ama 4, kwa miaka mingi, hata akicheza mpira kama wengine. Hapo ndipo wazazi wanachoka na kuacha, juu wanaona mtoto ni mzima.

Mtoto mdogo anayevimba mikono na miguu mara kwa mara, apimwe damu: pengine ni SS. Na goti moja likiwaka moto, mtoto ana homa na anakataa kulikanyagia, huenda mna usaha. Usimchanje na wembe. Ukiwa Makobola ama Luvungi, ondoka siku ile ile, usingoje siku ya kliniki.

Ulete na majani uliyotumia. Hatutakukaripia, tunataka kuyajua.