Chunusi Zenye Maumivu na Kinga ya Mwili

Kijana anapotokwa na chunusi zenye usaha na maumivu, mara nyingi huambiwa kwamba hanawi vizuri. Maneno hayo humwumiza bure. Chanzo cha chunusi si uchafu, na kusugua uso kwa nguvu huzidisha tatizo.

Wakati wa balehe, homoni huziamsha tezi za mafuta zilizomo ndani ya ngozi. Mafuta yakichanganyika na seli zilizokufa, tundu la kinyweleo huziba. Humo huongezeka bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, ambaye kwa kawaida huishi katika ngozi za watu bila kuwadhuru.

Hapo ndipo kinga ya mwili huingia kazini. Seli za kinga zina vipokezi, mfano wa walinzi wa zamu wanaotambua alama za vijidudu. Mwaka 1996, Jules Hoffmann na wenzake nchini Ufaransa walibaini kazi ya kipokezi kiitwacho Toll katika kinga ya nzi wa matunda, ugunduzi uliompatia Tuzo ya Nobel mwaka 2011. Binadamu naye ana vipokezi vya jamii hiyo. Mwaka 2002, watafiti nchini Marekani walionesha kwamba bakteria wa chunusi hutambuliwa na kipokezi namba 2. Kikiguswa, seli hutoa kemikali zinazoziita seli nyeupe za damu. Ndipo joto, uvimbe, usaha na maumivu hutokea. Katika ngozi nyeusi, uvimbe huo ukipoa huacha doa jeusi.

Elimu hiyo husaidia kuchagua tiba. Kuminya chunusi husukuma usaha ndani zaidi na kuongeza uvimbe. Krimu zenye steroidi kali, kama betamethazoni na klobetazoli, ambazo baadhi ya watu huzichanganya katika mkorogo, huwanyamazisha walinzi kwa muda tu. Chunusi hupungua kwa siku chache, kisha hurudi kwa wingi, huku ngozi ikizidi kuwa nyembamba. Dawa zinazofaa hufanya kazi kwa njia nyingine: benzoili peroksaidi huua bakteria, na adapaleni huzibua vitundu na kupunguza vipokezi hivyo. Nafuu huonekana baada ya wiki 8 hadi 12, hivyo subira inahitajika. Mama mjamzito hapaswi kutumia adapaleni.

Mkazi mwenye chunusi kubwa, zenye usaha au zinazoacha makovu, anashauriwa kuanzia katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye. Inapolazimu, hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Peramiho au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Songea. Nchini wapo madaktari bingwa wa ngozi, ambao baadhi yao hufundishwa mjini Moshi.

Wazazi na walimu wanahimizwa kumwelekeza kijana kwenye tiba mapema badala ya kumcheka. Doa hufifia kadiri muda unavyopita, kovu hudumu.