Mafuta ya damu na ugonjwa wa glokoma



Wengi wanatuuliza katika dispanseri: «Munganga amekuta mafuta mengi katika damu yangu. Je, mafuta hayo yanaweza kuniua macho?» Swali ni zuri. Tujibu polepole.

1. Glokoma ni nini?

Ndani ya jicho mna maji safi, ambayo si machozi. Yanatengenezwa kila wakati na kutoka kwa njia nyembamba sana. Yasipotoka vizuri, presha ya jicho inapanda. Kwa watu wengi presha hiyo ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Ikizidi siku nyingi, inaharibu mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Kwa wengine mshipa unaharibika hata kama presha ni ya kawaida. Ndiyo maana munganga anatazama pia ndani ya jicho.

Mara nyingi ugonjwa huu hauumi. Unaanza kuondoa nuru ya pembeni. Mfanyakazi anaona mbele vizuri, lakini haoni kamio inayotoka ubavuni.

2. Mafuta yanaingia wapi?

Kolesteroli ikizidi, inaganda katika kuta za mishipa ya damu na kuleta hatari kwa moyo na ubongo. Jicho nalo linalishwa na damu. Mwaka 2019, uchunguzi mkubwa katika Marekani ulionyesha kwamba kila kolesteroli ilipozidi kwa miligramu 20 katika desilita ya damu, hatari ya glokoma ilizidi kwa 7 kwa mia. Lakini uchunguzi mwingine haukuona hivyo, na mambo mawili kuonekana pamoja si kusema moja limezaa lingine.

Basi, mwenye mafuta mengi asiogope kwamba atakuwa kipofu. Na mwenye damu nzuri asidhani macho yake ni salama. Kupima damu hakuchukui nafasi ya kupima macho.

3. Nani apimwe macho?

— Kila mtu aliyepita miaka 40. Sisi watu weusi glokoma inatushika mara nyingi zaidi na mapema zaidi.
— Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliye na glokoma.
— Mwenye ugonjwa wa sukari.

4. Ufanye nini?

— Usinunue matone ya macho sokoni. Yenye kortizoni yanaweza kupandisha presha ya jicho.
— Ukiandikiwa matone ya glokoma, yatie kila siku, hata kama husikii maumivu. Hayarudishi nuru iliyopotea. Yanalinda ile iliyobaki. Ukiyaacha, ugonjwa unaendelea kimya.
— Mama, punguza mawese katika sombe, wala usikaangie mafuta yaleyale mara nyingi. Maharage, mboga na samaki ni chakula kizuri. Baba, acha tumbaku, tembea kwa miguu. Hayo ni kwa ajili ya moyo kwanza, hayaponyeshi glokoma.

Mashine ikivunjika, fundi anatafuta kipande kingine. Mshipa wa jicho uliokufa hauna kipande cha kubadilisha. Nenda upimwe ungali unaona.